Taa Isiyo na Utambi



Katibu wetu aliponiandikia alinitaka nizungumze juu ya kazi yangu kwa muda wa nusu saa, na akanionya kwamba mzungumzaji wa mkutano uliopita alichukua saa mbili na wali ukapoa. Nimemwahidi kwamba leo mtakula chakula cha moto.

Wenzangu wa miaka ile mnakumbuka kwamba ukumbi huu uliwashwa kwa jenereta, na jenereta lenyewe lilizimwa saa nne kasorobo za usiku, pale mafuta yalipokuwapo. Baada ya hapo kila mmoja alijua alikoficha koroboi yake. Mimi nilisoma historia yote ya kidato cha nne kwa koroboi ya kopo la maziwa, na tundu za pua zangu zilikuwa nyeusi kama dohani. Kwa hiyo sikushangaa kwamba maisha yangu yote nimeyatumia katika taa. Nilichoshangaa ni aina ya taa niliyoangukia, maana haina utambi, wala kioo cha balbu, wala waya mwembamba wa kuwaka moto. Ndiyo niliyokuja nayo.

Ni hii hapa. Karatasi ya plastiki, ukubwa wa daftari dogo, na unene wake haufiki milimita moja. Pembeni zinatoka waya mbili, zinaingia katika kisanduku hiki chenye betri. Mwalimu wa zamu, naomba uzime taa. Ahsante.

Mnaona? Mwanga wa kijani wenye ubuluu ndani yake, umeenea sawasawa karatasi nzima, hakuna mahali palipozidi pengine. Wewe kijana uliye mbele, gusa plastiki, ila waya usiguse. Ni baridi, sivyo? Sasa nyamazeni kidogo. Inavuma kama mbu aliyeingia ndani ya chandarua. Naomba muikumbuke sauti hiyo, maana nitairudia. Mwalimu, unaweza kuwasha.

Taa hii imetengenezwa kwa tabaka, kama mkate uliopakwa siagi ukafunikwa na mkate mwingine. Upande wa nyuma kuna bamba jembamba la metali. Juu yake kuna tabaka la kuzuia umeme usipite. Halafu unakuja unga wa zinki salfaidi uliotiwa shaba kidogo sana, na huo ndio unaotoa mwanga. Mbele kabisa kuna plastiki angavu iliyopakwa utando wa kupitisha umeme, mwembamba kiasi kwamba macho hupenya bila kuuona. Umeme ukivutana kati ya tabaka la nyuma na la mbele, kwanza kwa upande huu kisha kwa upande ule, chembe za unga hutoa nuru. Ndani ya kila chembe mna vijisindano vya kiwanja cha shaba, na nguvu ya umeme hukusanyika kwenye ncha za vijisindano hivyo.

Aliyeliona jambo hili kwanza katika unga huo alikuwa Mfaransa, Georges Destriau, mjini Paris mwaka 1936. Alichanganya unga na mafuta, akauweka kati ya sahani mbili, akaupa umeme geu wa volti nyingi. Ilichukua zaidi ya miaka kumi hadi wenye viwanda walipopata kioo kinachopitisha umeme na kuonyesha nuru, ndipo ugunduzi wake ukageuka kuwa taa ya kuuzwa. Mwaka 1960 kampuni ya Chrysler ya Marekani iliweka taa za namna hii katika dashibodi za baadhi ya magari yake. Hata wale waliotua mwezini Julai 1969 walikuwa wakisoma tarakimu za kompyuta yao kwa mwanga huuhuu wa kijani. Tarakimu zile zilihitaji volti 250 zenye mizunguko 800 kwa sekunde, na kwa kuwa transista za siku hizo hazikuwa hodari wa kukata na kuunga volti kama hizo, wahandisi walitumia rilei ndogondogo zaidi ya mia moja.

Vijana wa sayansi mmekwisha kuona jambo ambalo mimi lilinichukua miaka kuliona. Bamba la metali, kizuizi katikati, bamba jingine: hiyo ni kapasita. Mwalimu wetu wa fizikia alitufundisha kuitengeneza kwa karatasi za fedha za pakiti za sigara na kurasa za daftari, zikaviringishwa na kufungwa kwa uzi. Maabara haikuwa na kitu, lakini pakiti tupu za sigara zilikuwa nyingi, hasa nyuma ya nyumba za walimu. Alituonyesha kwamba kapasita ukiipa umeme wa betri hujaa mara moja kisha mkondo unakoma, bali ukiipa umeme geu mkondo huenda na kurudi bila kukoma. Niliandika hayo katika daftari langu, nikapigia mstari kwa wino mwekundu, nikayasahau.

Kwa sababu hiyo basi, taa hii huwezi kuiunga kwenye betri peke yake. Itafumba na kufumbua mara moja na kubaki giza. Inataka volti mia moja na zaidi, na inataka zigeuke mara mia kadhaa kwa sekunde. Katika ndege kubwa jambo hilo ni rahisi, maana zina umeme wao wa volti 115 wenye mizunguko 400 kwa sekunde, na paneli huungwa moja kwa moja. Lakini ndege ndogo zina umeme wa betri tu, volti 14 au 28. Hapo ndipo panapohitajika sakiti ya kuiendesha taa, nayo tuliiita inveta.

Inveta ya zamani ilikuwa kitu kidogo cha kuchekesha: transista moja, transfoma moja yenye koili tatu, rezista mbili, basi. Transista inafunguka na kupitisha umeme wa betri katika koili ya kwanza. Koili ndogo ya tatu inapeleka habari nyuma kwenye transista na kuisukuma ifunguke zaidi, hadi inafikia kikomo na kufunga. Halafu mchezo unaanza upya. Koili ya pili, yenye waya mwingi, ndiyo inayotoa volti za juu kwenda kwenye taa.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Ni nani anayeamua mchezo huo uende mara ngapi kwa sekunde? Nilidhani ni transista. La. Ni koili ya pili pamoja na taa yenyewe. Koili na kapasita zikiungwa huwa kama bembea: nishati inatoka huku inakwenda kule, na bembea ina mwendo wake. Transista ni mtoto anayesukuma tu kwa wakati wake. Taa imo ndani ya sakiti, ni kiungo cha sakiti kama koili ilivyo kiungo.

Waliobuni jambo hili walikuwa werevu. Paneli ikizeeka, ukapasita wake hupungua na mwanga hufifia. Ukapasita ukipungua, bembea inakwenda haraka zaidi na volti zinapanda, na kwa hiyo mwanga unapandishwa tena kidogo. Sakiti inamsaidia mzee kutembea bila kuambiwa. Napenda sana jambo hilo, hasa siku hizi ambapo magoti yangu nayo yanataka inveta.

Nakuja kwenye lile nililokuja kulisema.

Mwaka 1983 nilikuwa fundi kijana katika karakana ya vyombo vya ndege ambayo sitaitaja. Mzee aliyekuwa akishughulikia taa za paneli alikuwa amestaafu, na kazi yake ikawekwa juu ya meza yangu bila mtu kuniuliza kama naijua. Ikaja ndege ndogo ya injini mbili, rubani akalalamika kwamba maandishi ya swichi hayasomeki usiku. Nikafungua, nikaitoa inveta, nikaiweka mezani peke yake, nikaipa volti 14, nikaweka mita kwenye waya za kutokea kama ambavyo ungepima kifaa chochote cha kutoa umeme. Mshale uliruka, ukarudi sifuri, ukabaki huko. Nikanusa harufu ya kitu kilichoungua. Nikafunga lebo, nikaandika MBOVU.

Nikaenda stoo kuchukua nyingine. Kwa kuwa nilijiona fundi mwangalifu, nilitaka kuijaribu mezani kwanza kabla ya kuifunga ndani ya ndege. Mshale ukaruka, ukarudi sifuri. MBOVU. Ya tatu vilevile. Ya nne. Ya tano niliipima taratibu zaidi, kana kwamba haraka ndiyo ilikuwa kosa, nayo ikafa taratibu zaidi. Zilikuwa zimebaki mbili katika stoo nzima.

Vijana hamwezi kujua mwaka 1983 ulikuwa mwaka wa namna gani katika nchi yetu. Fedha za kigeni hazikuwapo. Spea moja ilisubiriwa miezi. Isitoshe ulikuwa mwaka wa msako wa wahujumu uchumi, na mtu aliyeshikwa na bidhaa asizoweza kuzieleza alikuwa mashakani. Spea nne kutoka stoo kuwa mbovu zote kwa juma moja, wakubwa hawakuona kwamba ni ajali. Waliona kwamba nzima zimeuzwa na mbovu zimewekwa mahali pake. Na mwenye funguo za stoo alikuwa mtu mmoja.

Mtu huyo alisoma hapa. Alinitangulia mwaka mmoja, akawa kiranja wa bweni letu. Usiku ule wa kwanza nilipofika kidato cha kwanza nikilia chini ya blanketi, ndiye aliyeniletea kipande cha muhogo wa kuchoma na kuniambia ninyamaze kabla wengine hawajasikia. Yeye ndiye aliyenipasha habari za nafasi ya kazi pale karakana. Akaitwa ofisini, akahojiwa siku mbili, akasimamishwa kazi bila mshahara wakati uchunguzi ukiendelea. Mimi niliulizwa kama nilizipima sawasawa. Nikajibu ndiyo. Nilisema kweli kama nilivyoijua.

Katika wiki ya sita nilimwona barabarani akitembea kwa miguu. Baiskeli yake alikuwa ameiuza.

Wiki hiyohiyo ikaja ndege nyingine kwa kazi tofauti kabisa, na ili nifikie waya za nyuma nikatoa paneli pamoja na inveta yake, zikiwa bado zimeungana. Nikaziweka mezani zote mbili, nikazipa umeme. Taa ikawaka. Ikavuma kama mlivyosikia. Nikakaa naitazama kwa muda, halafu, umeme ukiwa bado unapita, nikachomoa waya wa paneli.

Mvumo ule ulipanda. Ulipanda ukawa mluzi mwembamba kama wa filimbi ya refa aliye mbali, kisha ukakatika. Ile harufu.

Nilichukua kadi ya kazi nikaanza kuandika nyuma yake. Ile paneli ilikuwa na eneo la karibu sentimita za mraba 100. Paneli za namna hii huwa na karibu nusu nanofaradi kwa kila sentimita ya mraba, kwa hiyo tuseme nanofaradi 50. Koili ya pili ilikuwa na henri 3 na kidogo. Tieni tarakimu hizo katika kanuni yenu, moja chini ya mara mbili ya pai mara kipeuo cha pili cha koili kuzidisha kapasita, mtapata karibu mizunguko 400 kwa sekunde. Ndiyo sauti ya mbu. Sasa ondoeni paneli. Kilichobaki ni ukapasita wa nyaya za koili zenyewe zilivyolaliana, tuseme nusu nanofaradi. Kapasita imepungua mara 100, kwa hiyo bembea inakwenda mara 10: mizunguko 4,000. Ndiyo filimbi.

Mambo hayakuishia kwenye sauti. Kila msukumo wa transista ulikuwa ukipeleka nishati ileile, kiasi cha nusu ya sehemu moja ya elfu ya jouli. Katika nanofaradi 50 nishati hiyo inaleta volti 140, kama ilivyokusudiwa. Ukiitia katika chombo kilicho kidogo mara 100, volti zinapanda mara 10, maana nishati inafuata volti kwa kipeo cha pili. Ni volti 1,400 kwa hesabu ya karatasi. Transfoma ilikuwa ya moja kwa kumi, kwa hiyo volti 140 zinarudi upande wa transista, na transista ile ilikuwa ya kuvumilia volti 60. Haikuhitaji hata nusu ya safari hiyo ili ife.

Kwa maneno mengine inveta zote zilikuwa nzima. Nilizichukua nzima, nikaziua mmoja mmoja, nikaziandikia vyeti vya kifo. Hata ile ya kwanza kabisa ilikuwa nzima. Kilichofifia katika ndege ile kilikuwa paneli yenyewe, iliyoingiliwa na unyevu wa pwani yetu, maana unga ule hauna adui mkubwa kama unyevunyevu. Halafu nikafungua kitabu cha matengenezo, nikakuta imeandikwa katika ukurasa wake, kwa herufi za kawaida, kwamba kifaa kisiwashwe bila mzigo. Ukurasa huo nilikuwa nimeuruka kwa sababu nilidhani napima tu, sitengenezi.

Ningependa kuwaambia kwamba niliinuka hapohapo nikaenda kwa fundi mkuu. Sikuinuka. Nilikunja ile kadi nikaitia mfukoni, na nikakaa nayo siku tisa. Nilikuwa na mke na mtoto mchanga, na nilijua kwamba jina lililokuwa likitafutwa katika faili lile lingekuwa langu. Siku ya kumi nilikwenda. Fundi mkuu aliisoma kadi mara mbili, akaniuliza hesabu hii nilifundishwa wapi, nikamtajia shule hii. Akasema, "Na wiki sita zote hizo hukuikumbuka." Halafu akaniambia nikaandike barua.

Mwenzangu alirudishwa kazini. Barua yake ilitaja "sababu za kiufundi" bila kutaja mtu. Mishahara ya wiki zile hakulipwa, na badala ya stoo ya spea alipelekwa stoo ya mafuta, akakaa huko mpaka alipoondoka. Mimi nilikatwa fedha kwa miezi minane, adhabu ndogo. Hatukuwahi kulizungumza. Tukikutana tuliulizana habari za nyumbani.

Tangu hapo nimezifuata sakiti hizi kwa karibu, na vijana wapenda elektroniki wataniwia radhi nikipita haraka. Transfoma ile nzito imekwisha kuondoka katika vifaa vidogo. Mahali pake mna kipande kimoja cha silikoni, na koili ndogo kama punje ya mahindi inayofunguliwa na kufungwa makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde. Kila mara inasukuma tone moja la nishati kupitia daiodi, hadi volti zinapopanda ngazi kwa ngazi, kama mtu ajazaye pipa kwa kikombe. Halafu swichi nne zilizopangwa pande mbili zinaigeuza taa, upande huu na upande ule, mara mia chache kwa sekunde. Saa za mkono za Timex zilizoanza kuuzwa mwaka 1992 zilitumia taa hii kuangaza uso wote kwa kubonyeza kitufe. Kisanduku changu hiki kina kipande cha namna hiyo, nacho kina kinga ndani yake, kwa hiyo mkichomoa taa hakifi. Mtu fulani mahali fulani aliua inveta nyingi kuliko mimi, akaamua iwe hivyo.

Katika vioo vya maandishi mambo ni mazuri zaidi. Mwaka 1974 Mjapani Toshio Inoguchi na wenzake wa kampuni ya Sharp walionyesha tabaka nyembamba za zinki salfaidi yenye manganisi, zinazotoa mwanga wa njano na kudumu muda mrefu. Mwaka huohuo Tuomo Suntola wa Finland alibuni njia ya kujenga tabaka hizo kwa kupanga atomu safu juu ya safu, na mwaka 1983 mabango ya namna hiyo yakawekwa katika uwanja wa ndege wa Helsinki. Ndiyo, mwaka uleule niliokuwa naandika MBOVU. Bango kama hilo ni kapasita maelfu, moja kila waya wa safu unapokatana na waya wa wima. Kapasita isipofikia kiwango fulani cha volti haitoi nuru kabisa. Kwa hiyo sakiti inaupa waya wa safu volti zinazokaribia kiwango hicho, na waya wa wima unaongeza kidogo pale tu panapotakiwa nukta. Leo taa za LED zimechukua sehemu kubwa ya kazi hizi, na sizionei wivu.

Mwaka jana nilimpigia simu mwenzangu. Nilikuwa nimeandaa maneno, nikayasema yote bila kupumua: mezani, mita, kadi, siku tisa. Alinyamaza, halafu akacheka kidogo. Akasema, "Nilijua ni wewe. Lebo zote tano zilikuwa na mwandiko wako." Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema, "Ningesema nini? Kapasita sikuijua. Nilijua tu kwamba zilitoka kwangu zikiwa nzima, na hilo nililisema siku mbili mfululizo wakachoka kulisikia." Nikamwambia kwamba zile siku tisa ndizo zinazoniuma kuliko inveta. Akajibu kwamba hata yeye, zile ndizo zinazomuuma, kwa kuwa ndiyo kwanza anazisikia. Tukakaa kimya kwenye simu muda mrefu, vocha ikateketea.

Alipopiga tena jioni aliniambia mambo mawili. La kwanza, kwamba nije nilisimulie hapa, mbele ya watoto, na jina lake nisilitaje. La pili, kwamba wiki zile saba amezifikiria karibu miaka arobaini, lakini hajawahi kuisikia hiyo sauti niliyoieleza, na angependa kuisikia.

Yupo humu ukumbini. Katika sanduku hili nina inveta ya zamani, niliyoisuka mwenyewe kwa transfoma ya aina ileile, ila nimeiwekea daiodi za zena ili isife. Kaka, ninaiwasha sasa ikiwa na taa yake, kisha nitachomoa waya. Mwalimu wa zamu, naomba uzime taa tena.